KUTAMBUA SAMAKI WA MITO KWA KUTUMIA VINASABA

Wakazi wengi wa Upanga wanaonunua samaki wa maji baridi katika soko la Kariakoo huwaita wa jamii moja kwa jina la perege. Hata hivyo, chini ya jina hilo wamo samaki wa spishi mbalimbali. Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Dar es Salaam, una perege wake wa asili, Oreochromis urolepis, apatikanaye pia katika mito ya Wami na Rufiji. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ni mgeni katika mito hiyo.

Sato aliyekomaa hutambulika kwa mistari ya wima mkiani. Ugumu hutokea kwa vifaranga na minofu iliyokwisha kukatwa, ambapo macho hayatoshi. Kwa ajili hiyo wataalamu hutumia msimbomilia wa vinasaba, njia iliyopendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Jina hilo limetokana na alama ya mistari inayochapwa kwenye bidhaa za dukani.

Utaratibu wake ni kama ifuatavyo. Kipande kidogo cha pezi hukatwa na kuhifadhiwa katika spiriti. Katika maabara, vinasaba hutolewa na sehemu moja maalumu hunakiliwa mara nyingi. Kisha mpangilio wa herufi zake zipatazo 650 husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu za samaki waliokwisha kutambuliwa kwa uhakika. Iwapo kumbukumbu hizo zina makosa, jibu nalo litakuwa na makosa.

Aidha, ieleweke kwamba kipimo hiki kina mpaka wake. Sehemu inayosomwa hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa hiyo chotara aliyezaliwa na sato jike na perege dume atasomeka kuwa ni sato. Spishi zenye udugu wa karibu nazo huweza kufanana. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima pia vinasaba vinavyorithiwa kwa wazazi wote wawili, na kuchunguza umbile la samaki.

Jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ulioshirikisha wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ulionyesha kwamba perege wageni wameenea katika mabonde mengi ya maji nchini. Wageni huzaliana na wenyeji, na baada ya vizazi kadhaa mbegu ya asili huweza kutoweka pasipo mvuvi kutambua, kwa kuwa samaki wataendelea kujaa nyavuni.

Hivyo basi, wafugaji wa samaki wanakumbushwa kuulizia asili ya vifaranga kabla ya kuvinunua, kuimarisha kingo za mabwawa kabla ya mvua za masika, na kutomwaga samaki wa kufugwa mtoni. Maabara huweza kumtambua mgeni aliyekwisha kuingia. Kumwondoa mtoni ni kazi ngumu mno.