Gari Lisilo na Dereva Linapokutana na Jambo Geni

Gari linalojiendesha huitazama barabara kwa kamera, rada na lida, chombo kinachorusha miale ya leza na kupima umbali kwa muda ambao miale huchukua kurudi. Vyombo hivi havisinzii wala havichungulii simu, na huangalia pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hatari zilizozoeleka, kama gari la mbele kufunga breki ghafla au mtu kuchomoza katikati ya magari yaliyoegeshwa, kompyuta huwahi breki kabla mguu wa binadamu haujanyanyuka. Taabu huanza pale kitu kilicho mbele kinapokuwa hakifanani na chochote ambacho programu ilifunzwa.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Tempe, Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018. Gari la majaribio la Uber, likiwa katika mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, lilimwelekea mwanamke aliyekuwa akivuka huku akikokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Lilimgonga, akafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza na kukuta kwamba vyombo vilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa, muda wa kutosha kabisa kusimama. Lakini programu ilimhesabu mara kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na kila ilipobadili mawazo ilitupa kumbukumbu ya alikotoka, hivyo haikuweza kukadiria anakoelekea. Haikuandikwa izingatie kwamba watu huvuka popote. Zaidi ya hapo, iliwekewa kisubirio cha sekunde moja kabla ya kuchukua hatua, ili gari lisishtuke ovyo kwa tahadhari za uongo, na mfumo wa breki ya dharura uliotoka kiwandani kwa Volvo, waliolitengeneza gari hilo, ulikuwa umezimwa. Mwangalizi aliyekaa nyuma ya usukani alikuwa ameinamia simu.

Macho ya gari hilo, basi, hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kanuni nyepesi ambayo hata mwanafunzi wa udereva anayo: kisichojulikana ni nini, nacho hakigongwi.

Kutambua peke yake hakutoshi, maana lazima pia kitakachofuata kikadiriwe. Mnamo Desemba 2023 huko Phoenix, pikapu ilikuwa ikivutwa na lori huku imekaa mshazari, imeingia njia ya pili. Gari la Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha, lilikadiria vibaya mwendo wake, likaigonga. Dakika chache baadaye gari jingine la Waymo likaigonga pikapu ile ile. Madereva wawili wasiojuana wasingekosea sawasawa namna hiyo, ila magari yenye programu moja hukosea kwa pamoja. Hurekebishwa kwa pamoja vilevile: kampuni ilibadili programu katika magari 444.

Linapotatizika, gari aghalabu husimama. Mara nyingi ni busara. Huko California gari la Google liliwahi kumkuta mwanamke katika kiti cha magurudumu cha umeme akimfukuza bata katikati ya barabara, akizunguka naye. Hakuna mhandisi aliyewahi kuliandaa kwa hilo, lakini lilitulia likasubiri, na hakuna aliyedhurika. Lakini Desemba 2025, umeme ulipokatika San Francisco na taa za barabarani kuzimika, magari ya Waymo yalikwama makutanoni, mengine yakingoja uthibitisho kutoka kwa wasaidizi walio mbali, huku foleni ikirefuka nyuma yake.

Baya zaidi ni kusimama kisha kuondoka. Tarehe 2 Oktoba 2023, katika jiji hilo hilo, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke na kumtupa mbele ya gari la Cruise, kampuni nyingine ya magari yanayojiendesha. Gari la Cruise lilifunga breki likiwa limechelewa. Likadhani limegongwa ubavuni, likaamua kujisogeza kando kama lilivyofunzwa, likamburuta mita 6 hivi. Jimbo lilisimamisha kibali cha Cruise mwezi huo huo, na Desemba 2024 General Motors, mmiliki wa Cruise, iliacha kugharimia mradi wake wa teksi.

Ukiachwa mkasa mmoja mmoja, hesabu za jumla zinaelemea upande wa mashine. Utafiti wa Waymo yenyewe, uliochapishwa mwaka 2025 na uliohusu maili milioni 56.7 zilizosafiriwa na magari yake, ulikuta ajali za kujeruhi watembea kwa miguu zikiwa pungufu kwa asilimia 92 kuliko za madereva wa kawaida wa miji ile ile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Florida, mwaka 2024, nao waliona magari hayo yana nafuu katika hali nyingi, isipokuwa mbili: wakati wa kukata kona, uwezekano wa ajali ulikaribia mara mbili ya ule wa binadamu; na alfajiri au magharibi, jua likiwa chini na vivuli vikiwa virefu, ulizidi mara tano.