Mshahara Hukadiriwa Vipi, na Kazi Hukosekana kwa Nini?

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Nandi, watu husimama milangoni pa maghala ya Kisumu wakingoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku. Wakihitajiwa kumi na wamefika arobaini, thelathini hurudi makwao mikono mitupu. Hao ndio waulizao: Ni nani akadiriaye ujira wa mtu, na kwa nini kazi haiwatoshi wote?

Wengi hudhani kwamba mshahara hutoka katika moyo wa tajiri tu. Akiwa karimu hutoa vingi, akiwa bahili hutoa vichache. Sivyo kabisa. Ujira hufanana na bei ya ngege ufukoni: wakiwa wengi bei hushuka, wakiadimika hupanda. Fundi wa mitambo hulipwa kuliko mchukuzi wa magunia kwa sababu mafundi ni haba, na nafasi ya mchukuzi hujazwa mara moja. Lakini mtu si samaki. Ana tumbo, ana mke na watoto. Ndiyo maana sheria na vyama vya wafanyakazi huingia kati.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wachukuzi walihitajiwa, na kodi ya nyumba ikawalazimu wanaume kutafuta fedha. Matajiri wa siku zile walikadiria ujira kwa mahitaji ya mwanamume peke yake, wakisema kwamba mkewe hula mtama wa shamba lake kijijini. Yaani jembe la mwanamke lilimlipia tajiri sehemu ya mshahara! Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter ilishauri kwamba kima cha chini kikadiriwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa, ili mfanyakazi akae na watu wake na kuizoea kazi yake.

Shauri hilo lilikuwa la haki, lakini lilikuwa na upande wa pili. Mishahara ya mjini ilipopita pato la shamba, vijana wengi zaidi walifunga safari, kila mmoja akitumaini kwamba bahati itakuwa yake. Mwaka 1964 Serikali, matajiri na vyama walipatana: matajiri waongeze wafanyakazi, vyama visidai nyongeza kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya laki mbili wakajiandikisha kutafuta kazi. Nafasi ziliongezeka, watafutaji wakaongezeka zaidi.

Tena kazi hufuata biashara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shehena za ziwani zilipungua. Mchukuzi hodari hakukosa kazi kwa uvivu wake. Mizigo ndiyo iliyokosekana. Kiwanda cha sukari cha Miwani kiliposimama mwaka 2001, hasara haikuishia kiwandani. Mkulima wa miwa, mshonaji nguo na mwuza samaki wote walipungukiwa, maana mshahara wa mmoja ni pato la mwingine.

Basi, yafaa asiye na kazi asidharauliwe. Yafaa pia ikumbukwe kwamba shamba na mji ni ndugu. Mkulima apataye riziki njema nyumbani huweza kumwambia tajiri, "Utanipa nini zaidi ya hiki nilicho nacho?" Lakini aliyefukuzwa kijijini na njaa hupokea chochote apewacho. Kwa hiyo atakaye mishahara ya Kisumu ipande, na aangalie kwanza bei ya miwa, pamba na mahindi ya wale wakaao nje ya mji.