Mfua Chuma wa Ugweno Hakungoja Mnunuzi

Husemwa mara nyingi katika mikutano, na huandikwa katika taarifa za kila mwaka, kwamba mafundi na wasanii wetu hawana masoko. Baada ya kusemwa hivyo hutengwa fedha, na fedha zikishatengwa hujengwa banda. Banda huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, na mwaka wa pili ukilipita utawakuta mbuzi wamejikinga jua ndani yake. Leo tunapenda kuwaalika wasomaji wetu wa visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali ambao jambo hili ni dhamana yao, wautazame mlima mmoja ulio mbali na bahari. Nao ni Ugweno, katika ncha ya kaskazini ya Milima ya Upare, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mwanga.

Ugweno ilikuwa nchi ya chuma. Mchanga mweusi wenye madini, ulioteremshwa na vijito, ulikusanywa na kuoshwa, kisha ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto. Ukoo wa Washana ndio uliosifika kwa kazi hiyo. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana hao walivyokuwa watawala wa Ugweno mpaka walipopinduliwa na Wasuya, wakiongozwa na Angovi, karne kadhaa kabla ya kuja kwa Wazungu. Utawala ulihama, nyundo haikuhama. Waliopindua walihitaji majembe na mikuki kama waliopinduliwa.

Lakini linalotuhusu zaidi ni mnunuzi. Ng'ambo ya mbuga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waliishi Wachaga waliokuwa na watu wengi, migomba mingi na vita vingi, ila hawakuwa na madini ya chuma. Chuma cha Upare kiliwafikia huko, nacho kilibadilishwa kwa mifugo. Tena hakikuuzwa kikiwa jembe au silaha iliyokwisha kufuliwa tu. Wachaga walikuwa na wahunzi wao wenyewe, nao walikinunua kikiwa kibichi wakakifua watakavyo. Mfanyabiashara wa siku hizi angeliita jambo hilo wazimu, kumuuzia mali ghafi mtu wa kazi moja nawe, ambaye kesho ataweka jembe lake kando ya lako. Mgweno aliona vingine. Kila jembe lililotoka Uchagani lilikuwa na sehemu yake ndani, na kila mhunzi wa huko alikuwa mteja wake asiyeweza kumkimbia.

Biashara hiyo ilikufa, na haifai kuficha sababu. Chuma cha Ulaya kilikuja kikiwa rahisi, kwanza kwa misafara ya pwani, kisha kwa reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi kabla ya vita ya 1914. Bei ndiyo iliyoua. Hata hivyo wageni nao walikuwa na ujanja wao wa kuuza. Kampuni ya Chillington ya Uingereza iliyauza majembe yake kwa nembo ya mamba, na mkulima asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuingia dukani akaliomba jembe analolitaka kwa jina la mnyama.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kufundishwa hilo. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, iliitia alama yake, Mali ya Abdulla, kwenye nguo yenyewe, na mama aliyejifunga kanga hiyo alilitembeza tangazo arusini na matangani bila ya kulipwa senti. Halua yetu nayo, ikiwa ndani ya kikapu cha ukili, hupanda chombo pamoja na msafiri na kujitangaza kwa jamaa zake wa bara.

Yuko pia Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba ambavyo mtu huweza kuvikwapua na kwenda zake. Hakutafuta jumba la maonyesho. Picha zake ziliwekwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni wenye fedha walifika kila siku kununua mahitaji ya jikoni. Alifariki mwaka 1972, lakini aliowafundisha waliendelea kuuza mahali pale pale, na hatimaye wakaunda ushirika ambao jina lake linajulikana duniani.

Sasa tulinganishe na Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 2010. Lilikuwa jengo la ghorofa, imara, lenye vizimba vya kutosha, na kwa miaka mingi vingi kati ya hivyo vilikaa vitupu. Miongoni mwa sababu walizotoa wachuuzi ni kwamba wateja hawapandi ngazi. Waliorudi barabarani waliitwa wakaidi. Tungependa kujua ni mhandisi gani aliyesimama pale siku moja, kabla ya kuchimba msingi, akahesabu wapitao.

Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, viliwapa wachuuzi nafuu kubwa, kwa kuwa vilitambua kwamba mtu anaweza kuwa mfanyabiashara halali bila ya kuwa na duka. Lakini mwaka 2021 wachuuzi waliondolewa kandokando ya barabara za miji mingi, na wengi wakapelekwa kule ambako miguu ya watu haifiki.

Mji wa Mwanga, unapopandia kwenda Ugweno, umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na mabasi hupita hapo mchana kutwa. Afisa biashara anayetaka kumsaidia fundi wa milimani angeanzia hapo, na mwenzake wa Pemba angeanzia bandarini Mkoani, saa ile meli inapofunga gati na abiria bado wana chenji mkononi.