Makaa ya mawe: Hesabu ni nauli

MALINDI, Lushoto – Makaa ya mawe yapo nchini, lakini jikoni Malindi moto ni wa kuni na mkaa wa miti. Kikwazo ni usafiri.

Uingereza nayo ilianzia hapo. Mfereji wa Bridgewater ulipofunguliwa mwaka 1761, bei ya makaa hayo mjini Manchester ilishuka kwa takriban nusu. Mifereji mingine na reli vikayafikisha vijijini.

Machimbo ya Ngaka yako Mbinga, Ruvuma, mbali na Usambara. Wateja wake ni viwanda, vikiwemo vya saruji, vinavyonunua kwa shehena. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku makaa kutoka nje, soko likaelekea huko.

Anayetaka kuyaleta Malindi aanze na nauli ya kupanda mlima, kisha ailinganishe na bei ya gunia la mkaa. Isipolipa, misitu ya Usambara ndiyo itakayoendelea kulipa.