Mwalimu wa Awali Hamalizi Kujifunza Apatapo Cheti

Katika semina za makada tunaulizwa mara kwa mara: mwalimu anayewaimbisha watoto wa miaka mitano na kuwahesabisha vizibo, mafunzo ya kila mwaka ni ya nini? Swali hilo linatokana na kasumba ambayo hatuna budi kuing'oa: kwamba mtoto akiwa mdogo, kazi ya kumfundisha nayo ni ndogo.

Ukweli ni kinyume chake. Mtoto mdogo hajifunzi kwa kunakili ubaoni. Anajifunza kwa kushika, kupanga, kucheza, kuuliza na kusimulia. Mtoto wa mkulima wa Usukumani anaingia darasani na Kisukuma chake. Mwalimu anatakiwa kumvusha hadi kwenye Kiswahili bila kumfanya aidharau lugha ya nyumbani. Tena anatakiwa kumtambua mapema asiyesikia vizuri, asiyeona vizuri na aliyekuja na njaa. Ujuzi huo hukua kazini, kwa msaada wa wenzake.

Historia inatufundisha nini?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, wakisomesha huku wakijifunza kwa redio na kwa posta. Kenya nayo, kuanzia 1985, ilifungua vituo vya wilaya vya elimu ya watoto wadogo. Walimu walisoma humo wakati wa likizo kwa miaka miwili, na muhula ulipoanza walirudi darasani, wakufunzi wakiwatembelea.

Funzo ni kwamba mafunzo yanaweza kumfuata mwalimu kijijini. Lakini mafunzo hayo yanahitaji mtu wa kumtembelea na kumwelekeza. Pasipo na mtu huyo, mwalimu huachwa na vitabu vyake peke yake.

Mgongano uko wapi?

Sera ya 1995 iliagiza kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Sera ya 2014 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Sasa upo pia mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Basi sera tunazo. Mgongano uko kwenye utekelezaji. Kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini madarasa mengi yamekipita mbali. Mara nyingi darasa la awali hupewa mwalimu yeyote aliyebaki, na mtihani wa darasa la saba ukikaribia huondolewa kwenda kuwanoa watahiniwa.

Anayeumia ni nani? Mwenye fedha mjini humnunulia mwanawe matayarisho katika shule ya kulipia. Mtoto wa mkulima hana ila darasa hilo. Hivyo tofauti za kitabaka huanza kujengwa kabla mtoto hajaweza kuandika jina lake.

Wajibu wa kada

Kwanza, tusimamie kwamba mwalimu aliyesomea awali anabaki awali, na haondolewi kwa sababu ya mitihani ya wakubwa.

Pili, walimu wa shule jirani wakutane kwa ratiba inayojulikana, watengeneze zana pamoja na kuangaliana wakifundisha.

Tatu, ukaguzi uwe wa kusaidia. Afisa elimu kata akae darasani somo zima, kisha azungumze na mwalimu juu ya aliyoyaona. Kutia sahihi daftari la wageni na kuondoka si ukaguzi.

Nne, kijiji kichangie uji, mikeka na walezi wa kumsaidia mwalimu. Lakini tusipotoshe maana ya kujitegemea. Mwalimu kujilipia nauli ya kwenda mafunzoni si kujitegemea, ni kunyonywa. Fedha hizo zitengwe katika bajeti ya halmashauri, na madiwani wetu waulizwe kama zimetolewa.

Kada anayetaka kupima usawa kijijini kwake aanzie darasa la awali. Aulize mwalimu alisomea nini, ana watoto wangapi, na mara ya mwisho alihudhuria mafunzo lini. Majibu hayo ayafikishe kwenye kikao, yaandikwe katika kumbukumbu, na kikao kinachofuata kiyaanze kabla ya mengineyo.