Mbuni wa Arabuni na Malisho Yake

Mtu asomaye kitabu cha Ayubu, sura ya 39, humkuta mbuni ametajwa humo pamoja na punda wa mwituni, farasi na tai. Mwanafunzi mwerevu atauliza: Mbuni ni ndege wa Afrika, watu wa nchi ya Ayubu walimjuaje? Jibu lake ni jepesi. Zamani mbuni walikuwako pia katika Arabuni na Shamu, wakizunguka nyikani pamoja na choroa na swala, nao Waarabu wa bara waliwajua kama sisi tunavyowajua wa kwetu.

Leo mbuni wale hawako tena. Mkuki na farasi havikuweza kuwamaliza, maana mbuni hukimbia sana. Lakini baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 bunduki nzuri na motokaa zilienea nchini, na mtu akipanda motokaa katika uwanda usio na miti, mbuni hana pa kujificha. Katika mwaka 1966 mmoja alionekana amekufa katika nchi ya Yordani, na baada ya huyo hakuna habari ya kuaminika. Tena, wakati uo huo, kondoo, mbuzi na ngamia waliongezeka kupita kiasi, wakaila nchi hata pakabaki changarawe. Basi ndege yule alipotezwa na mambo mawili, risasi na njaa, na watu wengi hulikumbuka lile la kwanza tu.

Katika mwaka 1988 serikali ya Saudia ilitenga nchi iitwayo Mahazat as-Sayd, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Taif, na mwaka uliofuata ikaizungushia ua wa waya. Ukubwa wake ni maili za mraba 870 hivi. Desturi ya kutenga malisho si ngeni kwa Waarabu. Tangu kale walikuwa na mahali palipokatazwa kuchungia, wakapaita hima. Neno hilo lina shina moja na neno letu himaya, nalo tumelipata kwao. Baada ya mifugo kutolewa, choroa weupe walirudishwa katika mwaka 1990, na katika mwaka 1994 wakaletwa mbuni wenye shingo nyekundu wa asili ya Sudan, ambao ndio jamaa wa karibu wa wale waliopotea.

Lakini mtu hujuaje kwamba nchi itamlisha ndege huyo? Mbuni dume hufikia urefu wa futi 8 na uzito wa ratli 250. Hula majani, maua, mbegu na matunda, na humeza vijiwe ili kusaga chakula tumboni. Aweza kukaa siku nyingi bila kunywa, kwa sababu hupata maji ndani ya majani anayokula. Nayo Mahazat hupata mvua ya inchi 2 hadi 4 tu kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi huiita nchi kavu, hupata inchi 22 hivi! Kwa hiyo, kabla ya kufungua sanduku la ndege, sharti nchi yenyewe ipimwe.

Kazi hufanyika hivi. Mpimaji hachagui mahali anapopapenda, kwa maana jicho la mtu huvutwa na penye majani mabichi, likapaacha penye changarawe. Huweka alama zake juu ya ramani pasipo upendeleo, kisha huenda papo hapo, pawe bonde au mwamba. Hutandika kamba ndefu chini, na kwa kila hatua hutazama kilichoko chini ya kamba: nyasi, kichaka, jiwe, au mchanga mtupu. Ikiwa katika hatua 100 amekuta mmea mara 12, huandika kwamba mimea imefunika sehemu 12 katika mia. Tena huweka fremu ya mraba, hukata majani yaliyomo, huyapima kwa mizani, huyakausha, na kuyapima mara ya pili. Uzito uliobaki ni chakula chenyewe. Uzito uliopotea ni maji, nayo kwa mbuni ni kinywaji chake.

Hata hivyo, hesabu peke yake hudanganya. Katika Arabuni kuna mmea waitwao harmal, ambao mifugo huukataa kwa uchungu wake. Malisho yakiliwa kupita kiasi, mimea mizuri huisha na harmal hutawala, na mgeni atokaye mbali huona kijani kibichi akafurahi. Kwa hiyo mpimaji huuliza kila mmea jina lake. Katika Mahazat alitafutwa hasa thumamu, nyasi ngumu ioteayo katika mafungu, ambayo mizizi yake hushika mchanga na kuishi miaka mingi, pamoja na nyasi nyingine za jinsi hiyo. Nyasi za msimu huota baada ya mvua na kufa upesi. Za kudumu ndizo akiba.

Miti nayo hutazamwa. Migunga huota katika mabonde makavu ambamo maji hupita siku chache tu, nayo huwapa wanyama kivuli wakati wa jua kali. Mpimaji haridhiki na kuhesabu mikubwa. Huinama kutafuta miche. Mahali penye migunga mizee pasipo mche hata mmoja ni kama kijiji cha vikongwe kisichozaliwa mtoto. Mbuzi ndio walioila miche, na ua ukiwazuia, baada ya miaka michache miche huonekana.

Lililo gumu kuliko yote ni majira. Mara moja niliwapeleka wanafunzi wangu kupima uwanja wa malisho karibu na shule kwa kamba ya hatua 50. Ulikuwa mwezi wa Aprili. Waliandika, "Majani ni tele, ng'ombe watashiba." Niliwarudisha mwezi wa Oktoba, kwa kamba ile ile na vigingi vile vile, wakahesabu mawe. Mmoja alisema kwamba mtu ameiba majani.

Katika Mahazat somo hilo lilikuja kwa uchungu. Baada ya ua kujengwa nyasi zilirudi vizuri, choroa na swala wakazaliana sana, na mbuni wakataga na kuangua. Kisha ikaja miaka ya ukame. Kati ya 1999 na 2008 choroa zaidi ya 500 na swala zaidi ya 2,000 walikufa ndani ya ua, wengi kwa njaa. Zamani, mvua ilipokosekana huku, wanyama walisafiri mbali wakifuata mawingu. Sasa walifika kwenye waya wakasimama. Ua ule ule uliozuia mbuzi na bunduki ulizuia pia njia ya kutokea.

Kwa hiyo, mahali palipozungushwa ua, kazi ya kamba na mizani haiishi siku ndege anapofunguliwa. Kila mwaka majani hupimwa upya baada ya mvua na tena mwisho wa kiangazi, nayo hesabu ya wanyama huwekwa kando ya hesabu ya majani. Chakula kikipungukiwa, wanyama wengine huhamishwa mapema, wangali na nguvu za kustahimili safari; na idadi ya wanaoruhusiwa kubaki hupimwa kwa majani ya mwaka mbaya, si ya mwaka mwema.