Je, Raia Wanaweza Kuiangusha Serikali kwa Vita vya Msituni?

Tumeulizwa: raia wa kawaida, wenye bunduki chache na msitu wa kujifichia, wanaweza kuishinda serikali yenye ndege na vifaru?

Ndugu zetu wa visiwani, tutazame bara. Ukishuka kutoka Sumbawanga, ukaiacha nyanda ya juu ya Ufipa hadi Kirando, utalikuta Ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake ni Kongo, na huko uko mji wa Moba. Novemba 1984 wapiganaji wa Laurent Kabila waliuteka. Jeshi la Mobutu likaukomboa baada ya siku chache. Wakarudi Juni 1985, wakatimuliwa tena.

Na hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Kabila alikuwa vitani tangu 1964. Mwaka 1965 alijiwa na Che Guevara pamoja na Wacuba zaidi ya mia moja. Miezi saba, wakaondoka mikono mitupu. Milima ya Fizi ilimhifadhi asing'olewe, lakini haikumpa nchi.

Aliingia Kinshasa Mei 1997, akibebwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, huku askari wa Mobutu, wasiolipwa mishahara, wakikimbia. Hapo ni serikali kwa serikali, si raia tena! Mwaka uliofuata wabebaji wake wakamgeukia.

Wanazuoni wengi wa Ahlus-Sunna walipokataza kumtokea mtawala kwa silaha, walihofia hasa madhara kuzidi manufaa. Waliolipa hapa ni wakulima na wavuvi. Maelfu walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo, ingali na watu.